Kadi Zilizoomba Maji

Kadi ya kwanza ilitoka jenereta ikiwa imezimwa. Ilikuwa saa tisa mchana, watu wako macho na soko la Ikonge limejaa, na nasema hivyo mapema kwa sababu wako wanaodhani kwamba vitu hivi hungoja giza. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Persis alikuwa ameshaifunika mashine kwa plastiki yake, akainama kuchukua mwavuli, na alipoinuka akaona kadi moja imelala kwenye trei ya kutolea. Kadi zote za trei hiyo alikuwa amezitoa mwenyewe muda mfupi uliopita. Akaichukua ile kadi, akaikunja, akaitia mfukoni na kwenda nyumbani. Hakumwambia mtu. Persis alikuwa na tabia hiyo ya kutomwambia mtu, na ndiyo iliyomponza.

Mwaka ulikuwa 1972. Chama cha ushirika cha wakulima wa pareto kilikuwa kimepata mashine ya kutoboa kadi, kubwa kama meza ya fundi cherehani, ya rangi ya kijivu, yenye vibonye vya herufi na nambari. Kusema kweli haikuwa kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa Nairobi, katika chumba ambacho hakuna mtu wa Ikonge aliyewahi kukiona, na kazi ya mashine hii ilikuwa kuiandalia chakula: jina moja kadi moja, kila herufi na mashimo yake. Lakini jaribu kuwaeleza watu wa soko. Wote waliiita kompyuta, na Persis naye alipoulizwa kazi yake alijibu, "Niko kwa kompyuta," huku akitazama pembeni asionekane anajidai.

Aliyeileta na kumfundisha alikuwa Praful, ambaye baba yake aliuza taipureta na vyerehani mjini Kisii. Praful alizaliwa Kisii, na Ekegusii, lugha ya Wakisii, aliijua kiasi cha kupatana bei na akina mama wa ndizi mpaka wakachoka wao. Alikaa na Persis siku tatu.

"Kwanza unawasha, halafu unangoja," alimwambia. "Ikianza kunguruma usiguse. Hesabu mpaka kumi na tano. Watu wote wanaoanza wanakuwa na haraka, halafu inameza kadi."

"Na nikikosea, nafuta na nini?"

"Hufuti. Shimo ni shimo. Unatupa hiyo kadi, unaanza ingine."

Siku ya kwanza Persis aliharibu kadi arobaini. Alisahau kuacha nafasi kati ya jina la mtu na la baba yake, akaweka kadi kichwa chini, akabonyeza mara mbili kwa woga. Lakini vidole vyake vilijua herufi zilipo, na jambo hilo lilimshangaza Praful.

"Vidole viko sawa kabisa, dada. Ulijifunza wapi?"

"Nyumbani tu," alisema Persis, akainamisha kichwa, uso umemwaka moto. Praful alidhani ni unyenyekevu.

Meneja, Bwana Manasseh, alimpa kazi yenyewe siku ya nne: daftari la wanachama wote, majina elfu moja na mia nane, na kadi ziwe tayari kwenda Nairobi mwisho wa mwezi. "Ambaye hayuko kwa kadi hatakuwa kwa orodha," alisema. "Na ambaye hayuko kwa orodha, maua yake hatupokei. Hakuna kujuana. Ukimaliza vizuri, mama, nakuandikia barua ya kazi ya kudumu." Hapo awali mwanamke aliyeingia ofisi ile aliingia na ufagio. Persis alikwenda nyumbani siku hiyo akitembea haraka, na karibu afurahi.

Sasa turudi kwenye ile kadi. Siku tatu baadaye ilitoka ya pili, tena jenereta ikiwa imezimwa, na safari hii Praful alikuwepo, amekuja kutia mafuta. Aliiokota, akaiinua dirishani mwanga upite kwenye mashimo, akasoma herufi moja moja kwa ile karatasi yake ya mafunzo.

"A, M, A, C, H, E," alisema, akacheka. "Amache. Nani anaandika maji kwa kadi ya chama? Una kiu?"

"Nilikuwa najaribu tu," alisema Persis.

"Jaribu na jina la mtu. Kadi si za bure."

Baada ya Praful kuondoka, Persis alifungua mkoba, akatoa ile kadi ya kwanza na kuikunjua. Mashimo yalikuwa yaleyale, mahali palepale. Hakuhitaji karatasi ya mafunzo. Alikuwa amekwisha kulijua neno hilo tangu alipoisikia mashine ikilitoboa nyuma yake, mpigo kwa mpigo, ko, ko, ko, wakati wa kuchukua mwavuli, akajiambia ni mvua.

Eucabeth, aliyewapikia chai na kufagia ofisi, alisikia pia. Alikuja siku moja na kikombe, akasimama mlangoni asivuke.

"Persis," alinong'ona. "Hii kitu iko na mtu ndani."

"Ni chuma inapoa."

"Chuma inapoa inapiga mara tatu inanyamaza, mara tatu inanyamaza? Kama mtu mgonjwa anagonga kitanda?" Akasogea nusu hatua. "Na hiyo harufu? Si unasikia? Ni mkaratusi, ile ya kumfukizia mgonjwa. Mimi nafagia hapa, najua harufu ya hii nyumba. Hiyo si ya hapa."

Persis alisema hasikii kitu. Harufu ilikuwa imejaa chumba mpaka macho yakamwasha: majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, mafuta ya mbuzi, na blanketi lililolowa jasho la mtu mzee.

Habari ilifika sokoni kabla ya chai kupoa. Walisema ni jini la Mombasa, limepanda treni ndani ya sanduku la mashine likashukia Kisumu na kuletwa kwa pikapu ya Praful. Bwana Manasseh, ambaye hadharani hakuamini majini na faraghani hakutaka kujaribu, alimwita mzee wa kanisa, Alfayo. Mzee Alfayo aliomba kwa muda mrefu, mkono juu ya plastiki, akaikemea roho ya pwani irudi pwani. Mashine ilitulia wakati wote wa maombi. Aliposema amina wote wakainua vichwa, na mbele ya macho yao kadi moja ikateleza polepole ikaanguka kwenye trei. Mzee Alfayo alivaa kofia yake.

"Mimi nimeomba," alisema. "Lakini hii haikutoka pwani. Ingekuwa mgeni ingesikia. Mwenye kuijua aseme." Aliwatazama wote mmoja mmoja, na Persis akajishughulisha na kupanga kadi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Wiki ya tatu alifika kijiji chao kwenye daftari. Katikati ya ukurasa liliandikwa jina la Angwenyi Mogaka. Huyo alikuwa baba wa mume wake, amefariki miezi tisa iliyopita, na mjane wake Bathsheba bado alipeleka maua kwa jina hilo, kama wajane wengi walivyofanya. Sasa, kwa Wakisii kuna chinsoni. Ni heshima na ni aibu pamoja: mke wa mwana hamshiki mkono baba mkwe, haingii chumba chake cha kulala, wala jina lake halitamki. Persis alilitazama jina, vidole juu ya vibonye. Angeweza kumwomba Bwana Manasseh abonyeze yeye, na meneja, Mkisii kama yeye, angeelewa bila swali. Lakini hakutaka mtu amzungumzie mzee yule mbele yake hata kwa neno moja. Akaliruka. Akaandika la jirani.

Tangu dakika hiyo kila kadi iliharibika. Aliandika Josiah Nyasani, na mbele ya dirisha akasoma Josiah Nyasani Amache. Aliandika jina la mjane wa ng'ambo ya mto, likatoka na amache mkiani. Aliandika thelathini, akatupa thelathini, akaanza tena taratibu, akingoja mpaka kumi na tano kama alivyofundishwa, akibonyeza herufi za jina tu na kuondoa mikono kabisa na kuikalia, na mashine ikamaliza jina, ikapumzika kidogo, kisha mbele ya macho yake, bila kidole cha mtu, ikashusha meno yake kwenye kadi, ko, ko, ko, ikapumzika, ko, ko, ko, na harufu ya mkaratusi ikapanda kutoka chini ya vibonye ikiwa na joto, kama mtu aliye karibu sana amempumulia usoni.

Zilibaki siku nne. Majina ya kijiji kizima yalikuwa kwenye kapu la taka, watu ambao mwezi ujao wangefika kwenye mizani na magunia yao wakarudishwa. Persis alifunga ofisi, akaenda nyumbani kwa mama mkwe.

Mume wake, Joash, alifundisha shule ya Sironga na alikuwa hajarudi. Bathsheba alikuwa jikoni akichambua mboga. Alimtazama mkaza mwanawe akiwa amelowa mvua, akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa, mokamwana. Ile kitu yenu imekufukuza?"

"Mama, nataka kukwambia juu ya siku ile."

Bathsheba aliendelea kuchambua. Persis akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kuvuta pumzi wala kusimama: kwamba siku ile mama alipokwenda sokoni na kumwacha na mzee, alikuwa amechora vibonye vya mashine kwenye kadibodi kwa kufuata picha ya gazeti aliyopewa na Joash, na alikuwa akifanya mazoezi kwa sababu siku iliyofuata ofisi ilikuwa inachagua mtu, na mzee akaita maji, akasema amache, akagonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda, mara tatu akanyamaza, mara tatu akanyamaza, na yeye akajiambia nimalize mstari huu, akamaliza, akaanza mwingine, na kikombe kikaendelea kugonga, na vidole vyake vikaanza kufuata mdundo ule bila yeye kutaka, na kilipoacha ndipo alipochota maji akaenda mpaka mlangoni pa chumba, akakumbuka chinsoni, akasimama, akaweka kikombe chini kizingitini na kurudi zake, na walipomkuta mzee amekufa alisema alilala mchana kutwa, hakuita mtu.

"Niliogopa kuingia, mama. Ilikuwa ni chinsoni."

Bathsheba aliweka mboga chini.

"Asubuhi ile nilikuambia nini hapo mlangoni?"

Persis aliitazama mboga iliyokuwa chini.

"Sema."

"Ulisema akiita niingie."

"Nilisema kwa mgonjwa hakuna chinsoni. Nilikuondolea kwa mdomo wangu mwenyewe, ukaitika. Sasa unanirudishia ya nini?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Persis. "Niliporudi nilikuta kikombe kizingitini, kimejaa. Nilikimwaga kabla watu hawajaingia. Nilijua. Nimekungoja miezi tisa uniambie, na kila jioni unaniuliza kama nimekula."

Aibu ilimshika Persis mpaka hakujua aweke wapi mikono. Ile mikono iliyosifiwa na Praful ilikuwa mapajani mwake, na aliona afadhali ingekuwa ya mtu mwingine.

Bathsheba hakutafuta mganga. Alichota maji mtungini kwa kikombe kilekile cha bati, akampa, akafungua mlango wa chumba cha marehemu. "Ingia. Mwite kwa jina lake. Halafu umpe."

Chumba kilikuwa kimefungwa miezi yote hiyo, lakini kitanda kilikuwa na joto. Persis alijua kwa sababu goti lake liligusa ukingo wa godoro alipokuwa akipapasa njia, kwa maana dirisha lilikuwa limefungwa na mwanga wa mlangoni haukufika mbali, na harufu ilikuwa ileile ya ofisini, na upande wa kichwani kulikuwa na pumzi kavu, inayokwaruza, ya mtu anayengoja bila hasira na bila haraka, jambo ambalo lilimtisha kuliko ghadhabu. Akasema, "Angwenyi." Akasema, kama mtoto anavyomwita baba, "Tata, maji haya." Akamimina. Hakusikia maji yakigonga sakafu. Alipotoka na kikombe kikavu, Bathsheba alifunga mlango.

"Imetosha. Joash asijue. Nyumba yangu haitachekwa kwa soko. Hii itabaki yako na yangu."

Asubuhi iliyofuata Persis aliandika Angwenyi Mogaka kwa mkono mmoja, uso umegeukia ukutani. Aliinua kadi dirishani. Jina tu. Akaandika majirani, wote wakatoka safi, na kadi elfu moja na mia nane zikaenda Nairobi kwa wakati. Barua ya kazi ya kudumu alipewa siku hiyohiyo. Aliiweka chini ya nguo sandukuni na hakumwonyesha Joash kwa wiki mbili.

Orodha ilirudi kutoka Nairobi kwa mkutano wa mwaka, imepigwa chapa kwenye karatasi pana yenye matundu pembeni. Wanachama walikaa kwenye nyasi nje ya ofisi. Bwana Manasseh alisoma, kila mtu akaitika, na majina ya marehemu yakaitikiwa na warithi. Alipofika katikati ya kijiji chao alisita, akasogeza miwani.

"Angwenyi Mogaka. Amache." Akaangalia tena. "Imeandikwa hivyo. Maji."

Watu wakacheka. Kompyuta ya Nairobi ina kiu, mmoja alisema. Persis alikuwa amesimama nyuma ya meneja, na kicheko kile kilimpitia mwili mzima. Ndipo Bathsheba akainuka kwenye nyasi, akajifunga leso vizuri.

"Niko," alisema. "Ni mume wangu. Alikuwa anapenda maji ya mto." Akakaa. Hakumtazama Persis.

Praful aliletewa swali. Alisema kadi ilikuwa safi, ameikagua yeye mwenyewe, hajui. Waliandika barua Nairobi, wakajibiwa kwamba neno hilo limeondolewa, na mwaka uliofuata lilikuwa palepale. Likazoeleka. Watu walilingoja kama kichekesho cha mkutano, na kila mwaka Bathsheba aliinuka, kila mwaka polepole zaidi, akaitikia jina na kiu pamoja, akamfunika mkaza mwanawe kwa maneno yaleyale. Persis alifundisha makarani wengine wawili kutumia mashine. Aliwafundisha kungoja mpaka kumi na tano. Walipomsifu, alitoka nje.

Bathsheba alikufa mwaka 1978, wakati wa kupanda mahindi. Alikufa na Persis kando ya kitanda, na kikombe mkononi mwa Persis, na kabla ya mwisho alikunywa yote.

Katika mkutano wa mwaka huo Bwana Manasseh alisoma, "Angwenyi Mogaka. Amache." Watu wakaanza kucheka, kisha wakakumbuka msiba, wakanyamaza. Joash alikuwa anainuka kuitikia, maana ndiye mrithi. Nyuma yao, ndani ya ofisi iliyofungwa, jenereta imezimwa ili meneja asikike, mashine ilipiga: ko, ko, ko. Eucabeth aliyekuwa na birika mkononi aliliweka chini.

"Kaa, Joash," alisema Persis. "Huyo naitika mimi."

Alitoka nyuma ya meza ya meneja akasimama mbele ya watu. Koo lilikuwa kavu, sauti ikakwaruza kama ya mtu mwingine.

"Aliniomba maji," alisema. "Mama alikuwa ameniruhusu niingie. Nilikuwa najifunza hii mashine. Nilimsikia mpaka mwisho, na sikuingia. Mama alijua, akanifunika. Hakuna jini."

Hakuna aliyecheka, wala aliyemkemea. Mzee Alfayo alivua kofia. Joash alimtazama mke wake kama mtu anayesoma barua ndefu, akakaa pale kwenye nyasi. Mashine ilipiga mara moja zaidi, ko, taratibu, kama kikombe kinachowekwa chini, na haikupiga tena.

Eucabeth alimletea Persis maji, kikombe kimejaa mpaka juu. Alikishika kwa mikono miwili. Kiu alikuwa nayo, lakini hakuweza kunywa mbele yao.

Mwaka uliofuata orodha ilikuja, na Bwana Manasseh, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, alimwomba Persis aisome yeye. Alisoma kijiji chao jina kwa jina. Alisoma Angwenyi Mogaka, na karatasi ilikuwa tupu baada ya hapo. Joash aliitika, "Niko." Persis hakuendelea mara moja. Alibaki amesimama, kidole juu ya nafasi ile nyeupe, na watu wote pale kwenye nyasi wakangoja pamoja naye.